Ombi Lililosikika

Katika kanisa la mama yangu watu waliomba kimya. Wapo waliosema ni kwa sababu wamisionari waliotujengea lile jengo la matofali hapa Kamina walikuwa watu wa baridi, lakini mimi nadhani watu wetu waliupenda ukimya ule wao wenyewe. Mchungaji alisema, "Tuombe," na benchi zote zikainama. Ulisikia mtoto akikohoa, au behewa likigongana na jingine kule stesheni, kama siku hiyo kulikuwa na treni. Halafu ulifuata wimbo kutoka kitabu cha Kiluba, kwa sauti nne, kila mtu akijua mahali pake. Baba, aliyekuwa karani wa reli, aliimba besi mpaka mwaka aliokufa. Mama aliimba alto. Nyumbani tuliomba vilevile: tuliizunguka sahani ya bukari, ugali wetu, kila mtu kimoyomoyo, na mama ndiye aliyesema "Amina" alipoona imetosha.

Niliukimbia ukimya huo nikiwa na miaka ishirini na saba, wakati wa vita vya pili, vile vilivyoanza hata kabla hatujazoea kuiita nchi Kongo badala ya Zaire. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mume wangu alikuwa amekwenda Lubumbashi kutafuta kazi, na barua zake zilipungua kama maji ya kisima mwezi wa tisa, hadi zikakauka kabisa. Nikarudi kwa mama, katika chumba nilichokuwa nikilala nilipokuwa msichana. Jumapili, mchungaji akisema "Tuombe," niliinamisha kichwa nisipate hata neno moja la kumwambia Mungu. Nilitazama viatu vya waliokaa mbele yangu.

Rafiki yangu alifundisha darasa la pili na mimi la tatu, ukuta mmoja ukitutenganisha. Akiwa na muhogo wa kuchemsha, alinivunjia nusu. Watoto wake walipokuwa wakikariri kwa pamoja, wangu walinyamaza kuwasikiliza, na yeye alijua, basi aliwakaririsha kwa sauti zaidi ili anichekeshe. Siku moja alinikuta nimebaki darasani peke yangu baada ya watoto kwenda. Akaketi kwenye deski dogo, magoti yakigusa kidevu.

"Weye utakufa na maneno mu roho," aliniambia. "Kuya tuende kwetu."

"Kwetu" kwake ilikuwa kikundi cha sala kilichokutana saa sita mchana katika ghala la zamani la mahindi karibu na stesheni. Hakukuwa na benchi. Kulikuwa na mikeka, ngoma mbili, na mtu aliyepiga chupa kwa kijiko vizuri kuliko wengi wanavyopiga gitaa. Walianza kwa nyimbo za kucheza, wanawake wakijifunga vikwembe kiunoni kana kwamba wanaingia shambani. Kisha pasta, mtu mfupi mwenye sauti kubwa, akasema, "Kila mutu afungue kinywa," na wote wakaanza kuomba kwa wakati mmoja, kwa sauti, huyu kwa Kiswahili, yule kwa Kiluba, mwingine kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua. Tuliomba wawili wawili, tukishikana mikono. Mwenzangu alikuwa rafiki yangu.

"Hapa hakuna mutu anasikia mwenzake," aliniambia sikioni siku ya kwanza. "Kila mutu na Mungu wake. Sema yote."

Nikasema. Nilisema kwamba mume wangu harudi tena. Nilikuwa sijawahi kulitamka neno hilo hata kwa mama, na pale nililipiga kelele, na kelele ile ikamezwa na kelele za wengine kama kikombe cha maji kilichomwagwa mtoni. Nilitoka nikiwa nimelowa jasho. Njiani nilikuwa na njaa, njaa ya kweli, ambayo sikuwa nimeisikia kwa miezi mingi.

Nilimwambia mama. Alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo. "Mungu hana ugonjwa wa masikio," alisema, akaendelea kutwanga. Lakini hakunizuia.

Alhamisi ilikuwa siku ya pasta kuonyeshwa. Baada ya maombi alitembea katikati yetu akiwa amefumba macho, kisha akasimama na kusema alichokiona. Siku moja alisimama karibu na mama mmoja, jirani yetu wa pale kwenye bomba, akasema Bwana anamwonyesha nyumba mbili, moja hapa, na nyingine Kabongo, na mwanamume mmoja anayekula katika zote mbili. Yule mama alianguka chini akilia. Sote tulijua mumewe ana mke mwingine Kabongo. Au tuseme mimi ndiye niliyejua, maana mama huyo alikuwa amemlilia mama yangu jikoni kwetu. Lakini pasta angejuaje? Nikapiga makofi mpaka viganja vikaniuma. Niliamini kwamba Mungu aliyekaa kimya miaka yote kanisani kwa mama alikuwa ameamua kusema ndani ya ghala la mahindi.

Tulipokuwa tukirudi kutoka shule, rafiki yangu alipenda kuniuliza habari za watu. "Na ule jirani yenu, iko namna gani? Tumuombee." Nilimweleza. Ilikuwa ni kwa ajili ya maombi, na habari ya kuombewa si umbea. Hivyo ndivyo nilivyofikiri.

Nina mdogo wangu mmoja tu, wa kiume. Alijiunga na jeshi mwenyewe katika vita vya kwanza, akiwa mwanafunzi, siku zile ambazo vijana walikimbilia malori ya askari kana kwamba yanakwenda arusini. Vita vya pili vilipoanza walimpeleka kaskazini. Kwa mwaka mzima hatukupata habari zake. Kisha alasiri moja ya mvua, mimi na mama tukiwa tunaziba mahali paa lilipovuja, mtu alisimama mlangoni, amejifunika gunia kichwani, miguu mitupu, imevimba.

"Mama, njo minyi, ni mimi," alisema.

Alikuwa ametoroka. Alitembea pamoja na wafanyabiashara wa samaki kutoka upande wa Malemba, akijifanya mpagazi wao. Mama hakulia wala hakumkumbatia. Alimshika mkono, akamvusha uani hadi kwenye jiko letu la matofali mabichi nyuma ya nyumba, akafunga mlango. Kamina wakati huo ilijaa askari, wetu na wa nchi za watu, kwa sababu ya kambi kubwa. Watoro walipokamatwa, wengine walirudishwa mstari wa mbele, wengine hawakuonekana tena.

"Hii neno haitoke mu hii lupango," mama alituambia. Ndani ya lupango lile, yaani ua wetu, tulikuwa watatu tu, yeye, mimi na mdogo wangu.

Alikaa jikoni wiki tatu. Mchana alilala juu ya dari ambako tuliweka mahindi yakaushwe na moshi, na mama alipika chini yake akiimba alto ya nyimbo zisizo na besi. Hakutueleza aliyoyaona. Siku moja tu aliniambia mimi dada yake mkubwa, "Yaya, kule hakuna mutu anaomba kimya." Sikujua kama lilikuwa jambo jema au baya.

Woga ulinijaa. Shuleni niliandika ubaoni tarehe ya jana. Rafiki yangu aliuliza nina nini, nikasema ni homa. Neno la mama nililishika. Lakini Jumanne, katika ghala, pasta aliposema kila mtu afungue kinywa, nilikifungua. Niliomba kwa Kiluba, haraka haraka, nikiwa nimefumba macho. Nilimtaja mdogo wangu kwa jina lake. Nilitaja jiko. Nilimwomba Mungu awapofushe askari kama alivyowapofusha wengine zamani. Ngoma zilikuwa zikilia, watu wakipaza sauti pande zote, na mikono ya rafiki yangu ilinikaza mpaka pete yake ikaniumiza kidole. Nilipofumbua macho nilimwona analia. Nikajisemea, huyu ndiye dada niliyepewa.

Alhamisi pasta alitembea, akasimama mbele yangu.

"Bwana ananionyesha jiko," alisema. "Iko nyuma ya nyumba. Ndani kuko mutu. Analalaka muchana, anaogopa. Ni damu ya mutu iko hapa mbele yangu."

Siwezi kueleza furaha niliyoipata, na ndiyo inayonitia aibu hadi leo kuliko mengine yote. Sikuogopa. Nilifikiri: Mungu anajua nyumba yetu. Kati ya nyumba zote za Kamina, katikati ya vita, Mungu ameiona njia ya kwenda jikoni kwetu. Pasta akaweka mkono juu ya kichwa changu.

"Toa ushuhuda, binti. Kile kinatolewa ku mwangaza, shetani hawezi kukishika."

Nikatoa. Nilisimama mbele ya watu wote na kusema kwamba mdogo wangu alikuwa vitani, kwamba amerudi, kwamba yuko hai, kwamba yuko kwetu. Wanawake walipiga vigelegele. Miongoni mwao walikuwa wake za askari, tena wa vyeo. Niliwajua, na walinikumbatia mmoja mmoja. Nilipokea makumbatio yao kama zawadi.

Nilikwenda nyumbani karibu nikikimbia. Mama alikuwa akichagua maharagwe.

"Mama, Mungu alimuonyesha pasta juu ya mutoto yetu."

Mikono yake ilisimama. "Pasta anajua?"

"Anajua. Aliniombea."

"Na nani tena anajua?"

Hapo ndipo nilipoanza kusikia nilichokuwa nimefanya. "Bote, ghala nzima," nilisema.

Mama hakunigombeza. Aliinuka, akaenda uani, akaanza kuanua nguo za mdogo wangu zilizokuwa bado mbichi. Alitaka kumpeleka Kinkondja kwa mjomba wetu, pamoja na watu wa samaki waliokuwa wakirudi huko na baiskeli zao kesho yake asubuhi. Lakini asubuhi ilipofika mdogo wangu alikuwa na malaria, anatetemeka, hawezi kushika usukani wala kukaa kwenye kibebeo. Watu wa samaki walisubiri kidogo, kisha wakaondoka.

Askari watatu walikuja Jumamosi, saa nne asubuhi. Hawakubisha mlango wa nyumba. Walipita ubavuni mwa nyumba moja kwa moja hadi jikoni, wakasimama mbele ya mlango. Mama alikuwa hapo nje, amekaa na beseni la maharagwe. Mkubwa wao alimsalimu kwa adabu.

"Mama, mutoto yako iko wapi?"

Mama yangu hakuwa amewahi kusema uongo. Wengine husema hivyo juu ya mama zao kwa kuwasifu tu. Mimi nilimjua. Alitufundisha kwamba ndiyo yetu iwe ndiyo, na aliishi hivyo, hata pale uongo mdogo ungetupatia nafasi kwenye treni au dawa hospitalini. Aliweka beseni chini.

"Iko mu jiko," alisema. "Iko na homa. Musimupige."

Walimtoa akiwa na blanketi. Hawakumpiga, pale mbele yetu. Alipopita alimtazama mama, si mimi. Sijasahau uso ule. Ulikuwa uso wa mtu aliyesikia kila neno kupitia mlango wa mbao.

Jumatatu mama alivaa nguo zake za kanisani, akaenda kwa mchungaji wa kanisa lake kumwomba amsindikize kambini, kwa sababu mchungaji alijulikana na wakubwa. Nilikwenda naye. Mchungaji alitukaribisha vizuri, akatupa viti. Akafungua kitabu, akasoma sala nzuri sana juu ya walio safarini na walio vifungoni. Tukainama. Alipomaliza alisema kwamba mambo ya askari parokia haiingilii, lakini tutaendelea kumkumbuka katika sala zetu. "Kimya kimya," aliongeza, "ni afazali kwa sasa." Mama akamshukuru. Njiani nilimwambia, "Amekuacha." Mama akasema, "Anaogopa. Hata minyi naogopa." Jumapili iliyofuata alikaa kwenye benchi lake lilelile na kuimba. Mimi nilimkasirikia mchungaji kwa niaba yake, kwa miaka.

Aliyetusaidia alikuwa jirani yetu Mwislamu, mfanyabiashara ambaye babu zake walitoka Maniema. Aliuza chumvi kambini. Alipeleka shati, dawa ya malaria na kipande cha sabuni, akarudi na jibu: amevipokea, na kesho wanapandishwa treni kurudi kaskazini. Hakutuambia kwamba atatuombea. Labda alituombea.

Sikurudi kwenye ghala. Baada ya wiki mbili rafiki yangu aliingia darasani kwangu wakati wa mapumziko.

"Unatukimbia," alisema.

"Naogopa," nikamjibu. "Mungu alimuonyesha pasta jiko yetu, kisha baaskari bakakuya. Sielewi. Mungu gani anaonyeshaka bantu hivi?"

Alichukua kipande cha chaki mezani, akakizungusha vidoleni. Nilimwona akifikiri, na nadhani angeweza kunyamaza, na ningemwamini maisha yangu yote.

"Haikuwa Mungu," alisema. "Ilikuwa minyi. Nilikusikia Jumanne, nikamuambia pasta."

Nilidhani sijasikia vizuri.

"Ulikuwa unateseka," alisema. "Nilitaka usikie kama Mungu anakujua. Tunafanyaka vile kwa bantu bote. Unazani ule mama wa ku bomba, Mungu njo alimuonyesha pasta ile nyumba ya Kabongo? Weye njo uliniambia."

Watoto walikuwa wakicheza nje. Nilisikia mpira wa matambara ukigonga ukuta.

"Ulisema hakuna mutu anasikia mwenzake."

"Nilikuwa nakushika mikono," alijibu. "Namna gani nisisikie?" Kisha, kwa sauti ya chini, "Ulilia na furaha siku ile. Nilikuona. Ulifurahi ao haukufurahi?"

Nilikuwa nimefurahi. Nilimwambia atoke. Alitoka, akiwa na chaki yangu mkononi. Hadi leo sijui ni nani aliyekwenda kambini, kama ni pasta, au mmoja wa wale wanawake, au mume aliyesikia tu habari za kanisani mbele ya chakula chake. Mwisho wa mwaka rafiki yangu alihamia shule nyingine. Tukikutana sokoni hunisalimu, huuliza hali ya mama, nami hujibu. Kuna siku nilitamani anivunjie nusu ya muhogo, na nikajichukia kwa kutamani.

Yule mama wa pale kwenye bomba sikuwahi kumwambia. Alimwacha mumewe kwa sababu ya neno la Mungu lililotoka kinywani mwangu. Ninapita mbele ya mlango wake kila siku.

Mdogo wangu alirudi baada ya miaka miwili na zaidi, vita vilipoanza kupoa. Alikuwa amekonda na alichechemea. Alifikia kwa jirani yetu wa chumvi, si kwetu. Siku tatu alikaa nyumba ya tatu kutoka yetu bila kuja kumsalimu mama, na mama alijua, na kila asubuhi alifagia uani mpaka barabarani, akabaki amesimama na ufagio. Siku ya nne nilikwenda mimi.

"Minyi siingie kule," aliniambia. "Mama aliniuzisha. Nilisikia sauti yake. 'Iko mu jiko.' Miaka yote kule nilikuwa nasikia paka ile, ile moja tu."

Kumbe ndicho alichokuwa amekibeba. Ningeweza kumwacha nacho. Siwezi kusema halikunijia, kwa muda mfupi kama wa kumeza mate, wazo la kumwacha nacho, maana mama angesamehe hata hilo na asingesema kitu. Lakini nilimwambia yote, kuanzia ghala hadi mikono hadi vigelegele. Nilimwambia kwamba askari walikwenda jikoni bila kuuliza njia.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Ni weye," alisema.

"Ni minyi."

Alisimama, akatoka akichechemea, nikamfuata kwa mbali. Mama alikuwa amekaa uani. Mdogo wangu alipiga magoti mbele yake kwa taabu, ule mguu ukikataa kukunjika, akaweka kichwa mapajani mwake. Mama alimwekea mkono shingoni. Mimi sikuthubutu kuingia. Nilibaki kando ya ukuta wa nyumba, palepale walipopita askari.

Alikaa kwetu mwezi mmoja. Alikula nilichopika, akaniita "yaya" mbele ya wageni. Kisha akahamia Kinkondja kwa mjomba, akaoa huko, akawa mkaushaji wa samaki. Siku ya kuondoka nilikuwa shuleni. Alichagua saa hiyo.

Mimi nilirudi kwenye kanisa la mama. Ninakaa kando yake na kumshikia kitabu, maana macho yake yamepungua. Mchungaji, mwingine sasa, anasema "Tuombe," nasi tunainama. Ninaomba, lakini maneno huwa mafupi, na nikiyamaliza ninabaki nikisikiliza pumzi za waliokaa karibu.

Mara mbili au tatu kwa mwaka watu wa baiskeli wanaleta kifurushi kutoka Kinkondja. Ni samaki wakavu waliofungwa kwa majani, na karatasi yenye jina la mama peke yake. Wanauliza kama yuko nyumbani, wanamkabidhi yeye mwenyewe, kama walivyoagizwa. Mama hunusa, husema samaki wa mwaka huu ni wazuri, kisha huwagawa mafungu mawili na kunisogezea moja. Ninawapika kwa nyanya na vitunguu, na tunakula.